Karatasi Zinazokuja na Klarineti Mpya

Juzi vijana wawili wa bendi ya mji walikuja kwangu na sanduku jeusi lililokuwa bado linanukia gundi ya dukani. Walinipa shikamoo zangu vizuri, wakaliweka sanduku mezani, wakasimama kama watu walioleta mtoto mchanga aonwe. Nikafungua. Klarineti ilikuwa nzuri, sina ubishi. Nikawauliza, karatasi zake ziko wapi?

Wakatazamana.

"Karatasi zipi, babu? Zilikuwa na maandishi ya Kizungu tu."

"Mmezifanya nini?"

Yule mrefu akacheka kidogo, kisha akaona mimi sicheki. Mbili walikuwa wamesokotea tumbaku. Ya tatu ilikuwa mfukoni mwake, imefunga karanga za kukaanga. Nikazimwaga karanga mezani, nikaikunjua ile karatasi. Ilikuwa hati ya dhamana, imelowa mafuta kiasi kwamba ungeweza kuona dirisha kupitia jina la kiwanda.

Sikuwagombeza. Niliwapa chai, wakanywa, wakala karanga zao, wakaondoka. Walipoondoka nikaanza kuandika haya, kwa ajili yao na ninyi wengine mnaojinunulia ala sasa kwa hiari yenu. Nayaandika mimi kwa sababu hakuna mwingine. Katika nchi yote hii ya Ugogo, kutoka Mpwapwa hadi Kilimatinde, mimi ndiye mtu wa kwanza kuwa na diploma ya kutengeneza ala za kupuliza. Kama yupo mwingine, aje na ya kwake tuziweke pamoja mezani. Nimengoja muda mrefu, hajaja.

Diploma hiyo hakunipa mjomba. Nilishuka pwani nikiwa mpagazi, na pembe ya ndovu ya mtu mwingine begani. Dar es Salaam nikaosha vyombo kwa Mjerumani mmoja mpiga muziki, na alipokwenda kwao likizo akanichukua nikambebee masanduku. Huko kwao akanipeleka kwa rafiki yake mwenye karakana ya klarineti nikafagie maranda. Nilifagia, nikatazama. Baadaye nikaanza kushika kipande hiki na kile wakati wenyewe wanakula. Siku moja fundi mkuu, mzee mwenye vidole vyeusi kama vyangu kwa ajili ya mafuta, akanikuta naweka vibonyezo mahali pake. Nilidhani atanifukuza. Akanitengea kiti.

Mzee yule alinifundisha kuulamba mti. Msicheke. Kipande cha mpingo kikikatwa kwa upande, unagusa ncha yake kwa ulimi. Mti uliokauka sawasawa hukunyonya ulimi kidogo, kama ndama. Ambao bado una maji ndani hukaa kimya. Mti uliokaa kimya usitoboe, ungoje, hata kama mwenye duka anapiga kelele. Siku moja aliniuliza kama naujua mti huu unatoka wapi. Nikamwambia naujua, nimekatwa na miiba yake nikichunga mbuzi. Hakuniamini. Alikuwa amefanya kazi na mpingo maisha yake yote na hakuwahi kufikiri kwamba unaota mahali ambapo kuna mbuzi.

Nikatahiniwa mbele ya mafundi watatu, kila mmoja akitafuta kosa. Nikapata karatasi yenye muhuri na jina langu limeandikwa lote bila kukosewa. Nikarudi.

Reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma. Niliteremka stesheni na suti, sanduku la vyombo, na bomba la bati lililokuwa na diploma ndani. Mji wenyewe ulikuwa stesheni, boma, maduka machache, na upepo. Baba yangu mdogo alikuja kunipokea. Akanizunguka, akatazama nyuma yangu, akatazama behewa nililoteremka.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe gani, baba?"

"Umekaa Ulaya miaka yote hii. Umerudi na bomba la bati?"

Nikamfungulia. Akaigusa diploma kwa kidole kimoja, akauliza kama inazaa. Mpaka anakufa aliniita Bomba la Bati mbele za watu. Lakini alipougua, ni mshahara wa bomba hilo uliomnunulia blanketi.

Kazi niliipata bomani. Wakati ule wa Wajerumani boma lilikuwa na bendi ndogo, ya kupiga siku kuu ya mfalme wao na wakubwa wanaposhuka kwenye treni. Mimi nilitunza ala zote, nikawa na chumba changu karibu na stesheni, chenye meza, taa, na rafu. Vijana wa leo mnapiga muziki kwa kupenda. Wakati ule mtu alipenda, ndiyo, lakini kulikuwa na jambo lingine, na lazima mlijue ili muelewe yanayofuata. Mtu wa bendi alikula posho ya serikali, na mzigo mzito kuliko yote aliobeba ulikuwa ala yake. Mtu aliyetoka kwenye bendi hakurudi kwao kulima. Aliingizwa kwa wapagazi. Na wapagazi wa boma, nyote mmesikia kwa babu zenu, wengi walikwenda na wachache walirudi.

Katika bendi hiyo alikuwamo kijana anaitwa Ndahani. Kwao ni Nkuhungu, ambako siku hizo kulikuwa pori na nyumba za tembe chache. Alikuwa amepiga zeze tangu utotoni, na vidole vyake vilikuwa na akili kuliko vya watu wote niliowafundisha. Klarineti aliyokuwa akiipuliza ilikuwa kuukuu, imefungwa nyuzi sehemu mbili. Ilipokufa kabisa, boma likaagiza mpya kutoka Ujerumani, na mimi ndiye niliyefungua kasha lake.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo mnapopaswa kujifunza.

Klarineti mpya ikifika usiishike kwanza. Shika karatasi. Kuna hati ya mauzo, inayosema nani kauza, nani kanunua, na lini. Kuna hati ya dhamana, ambamo kiwanda kinaahidi kwamba mti ukipasuka kabla mwaka haujaisha bila kosa la mwenye nayo, watatoa nyingine. Na kuna masharti ya utunzaji. Ukishazipata zote, geuza klarineti utafute namba iliyochomwa kwenye mti, upande wa nyuma, chini ya jina la kiwanda. Namba hiyo iwe ileile ya kwenye hati. Ikitofautiana hata tarakimu moja, funga kasha, rudisha. Usikubali muuzaji akuambie ni kitu kidogo. Halafu hifadhi kasha lenyewe na maranda yake, kwa maana ikibidi kuirudisha utaifungia nini? Gunia?

Yote haya niliyafanya mbele ya Ndahani, kwa sauti, namba kwa namba. Kisha nikamsomea masharti ya utunzaji nikiyafasiri. Usiiache juani. Usiiache mvuani. Usiipulize zaidi ya robo saa kwa siku katika mwezi wa kwanza, maana mti mpya ukishiba pumzi kwa ghafla unavimba ndani huku nje umekauka, na hapo ndipo unapoachana.

Ndahani akasema, "Basi ni kama ng'ombe aliyezaa kwa mara ya kwanza. Unamkamua kidogo kidogo, akuzoee."

"Ndivyo."

"Na ukimwacha siku nzima bila kumkamua?"

"Hiyo pia si vizuri. Kila siku robo saa."

Tukaendelea. Ukimaliza, vuta kitambaa chenye uzi ndani yake kikaushe mate. Usilazimishe vipande kuingiana, paka grisi kwenye koki, yale magome laini ya kwenye maungio, kiasi cha punje ya mtama, zungusha taratibu. Niliwahi kuzabwa kofi Ulaya kwa kuweka grisi ya punje mbili. Usimwachie mtu mwingine aipulize wala aitunze. Kwa nchi yetu hii kavu nikaongeza la kwangu, kwamba ndani ya sanduku kiwemo kikopo kilichotobolewa chenye kitambaa kibichi, ili upepo wa Dodoma unywe maji ya kikopo na kuuacha mti. Nilisoma kila kilichoandikwa. Alipoelewa yote akatia dole gumba kwenye karatasi ya boma ya kwamba amepokea na amesomewa.

Alikuwa mwaminifu kwa robo saa yake kama Mwislamu wa Kondoa kwa sala zake. Akimaliza alikuja kunionyesha kitambaa jinsi kilivyolowa. Nikamwambia sihitaji kuona mate yake. Kesho yake akaleta tena.

Kiangazi kilipokaza, baba yake akafariki. Akapewa ruhusa kwenda msibani. Klarineti ilikuwa bado kwenye mwezi wake wa kwanza, na nilikuwa nimemwambia kila siku robo saa, na masharti yalisema asimwachie mtu. Akaenda nayo. Mimi mwenyewe nilimfungia sanduku, na hata leo ungeniuliza ningesema alifanya sawa.

Msibani hakuweza kuigusa. Nani apulize klarineti baba yake akiwa hajapoa kaburini? Alikuwa nje na wanaume muda wote, akipokea watu wa mbali na mifugo ya msiba. Sanduku likabaki ndani kwa mama yake.

Mama Ndahani alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alijua thamani ya kile kitu, kwa kuwa mwanawe alikuwa amemweleza kwamba ndicho kinachomweka mbali na mizigo. Akaona zimepita siku kadhaa sanduku halijafunguliwa. Akalifungua. Kile kikopo kilikuwa kimekauka. Akaugusa mti kwa mkono, akaona umekuwa mkavu na wenye vumbi, na akafanya kile ambacho kila nyumba ya Kigogo hufanyia zeze jipya, kibuyu kipya, au mbegu ya mwakani. Akaupaka samli, mzima, nje na ndani, kwa unyoya wa kuku. Kisha akaifunga kwa kamba ya ukindu na kuitundika juu ya moto, kwenye boriti, mahali ambapo moshi hupita na dumuzi hawathubutu kutoboa. Ndipo mahali pa heshima kuliko pote ndani ya tembe. Pale palikuwa pametundikwa zeze la marehemu. Alilishusha ili kuipa klarineti nafasi.

Msiba ulipoisha walikuja kwangu wote wawili asubuhi na mapema, mama amebeba sanduku kifuani, mwanawe nyuma. Nikafungua. Harufu iliyotoka ilikuwa ya mbavu za mbuzi. Kipande cha juu kilikuwa na ufa kuanzia kwenye maungio hadi tundu la pili, na ngozi za kuzibia matundu zimenyonya samli na kugandana.

"Fundi," mama akasema, "inatibika?"

"Nani aliitundika, mama?"

"Mimi. Niliishika nikaona ngozi yake imekauka kama ya mtoto asiyepakwa mafuta. Samli ilikuwa safi, niliichuja mara mbili. Kama ingekuwa ya kuchacha ningekuambia."

"Samli haina neno, mama."

"Basi ni moto?"

Ndahani akasema, "Mama, nyamaza."

"Ninyamaze vipi? Watakupiga."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kuharibu mali ya boma kulikuwa na adhabu yake inayojulikana na kila mtu, hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vinavyohesabiwa kwa sauti. Kisha mizigo. Mama alijua yote mawili. Aliniuliza kama wangekubali kumpiga yeye.

Nikawaambia wakae. Nikawasha taa ingawa kulikuwa kumekucha, nikavaa miwani, nikautazama ule ufa. Fundi asiye na diploma angetazama na kusema umepasuka. Mimi nilitazama kingo zake. Ufa mpya una kingo safi, zenye rangi ya mti wa ndani. Huu, nusu yake ulikuwa hivyo, lakini ile nusu ya juu ilikuwa na kingo nyeusi, zenye kitu kama gundi iliyolainika. Nikachukua sindano nikachokonoa. Kikatoka kijipande cheusi, laini. Nikakinusa. Nikajua mara moja, kwa sababu nimekaa karakana za Ulaya na nimeona mafundi waovu wanavyofanya. Mti ulikuwa na ufa tangu kiwandani. Mtu aliuziba kwa lakiri, ile nta ya kufungia barua, iliyochanganywa na unga wa mpingo, akaung'arisha, akauza. Ungekaa hivyo miezi, labda mwaka na siku moja. Samli na joto la mama vilikuwa vimeiyeyusha lakiri na kuufichua.

"Mama," nikasema, "hii ilikuja imepasuka. Wewe umeifumbua macho tu."

Akanitazama. "Unanifariji."

"Sijui kufariji. Nina diploma ya klarineti."

Nikavaa suti yangu, nikachukua bomba la bati, tukaenda bomani.

Bwana mkubwa alikuwa amekwisha kuambiwa. Shaushi, yule mkubwa wa askari, mtu wa Sudani mwenye makovu mashavuni, alikuwa amesimama ukumbini na kiboko chake. Ndahani akaamriwa asubiri karibu na benchi la viboko mlilosimuliwa na babu zenu. Shaushi akaninong'oneza, "Fundi, usiongee sana. Jua likiwa kali hata anayepiga anaumia."

Niliongea sana. Niliongea Kijerumani, ili bwana asije akasema hakuelewa. Nikaweka mezani hati ya mauzo, hati ya dhamana, masharti, na karatasi ya dole gumba la Ndahani. Nikaweka klarineti. Yeye akaweka kidole kwenye masharti.

"Nani aliyemwambia aitundike kwenye moshi?"

"Hakuna aliyemwambia, na hakuna aliyemkataza. Nisomee hapo palipoandikwa moshi."

Akasoma yote. Alikuwa mtu wa karatasi, na mtu wa karatasi ukimpa karatasi atasoma. Moshi haumo.

"Mtu mwenye akili angejua."

"Mtu mwenye akili wa kwenu. Huku mwenye akili hutundika."

Hakupenda jibu hilo. Nikaona mkono wake unaelekea kengele ya kumwita shaushi. Nikamwomba kijiti cha lakiri, ile nyekundu aliyokuwa akifungia barua za serikali. Nikawasha kiberiti, nikachoma ncha yake, moshi ukapanda. Kisha nikachoma kile kijipande cheusi nilichochokonoa kwenye ufa. Harufu ikawa moja. Nikampa sindano, nikamwambia achokonoe mwenyewe. Akachokonoa, akachoma, akanusa. Nje tukamsikia shaushi anakohoa.

"Wametuuzia mti mbovu," akasema.

"Na dhamana inasema watatoa mwingine."

"Andika."

Niliandika barua ambayo ningependa muione. Namba ya klarineti, tarehe ya kununuliwa, mahali ufa ulipoanzia, rangi ya kingo, harufu. Chini nikaandika jina langu na diploma yangu ilikotoka. Bwana akatia sahihi juu ya sahihi yangu, akafunga kwa lakiri ileile. Kiboko hakikutumika siku ile. Hilo nililipata mimi, kwa kichwa changu, na sitalificha kwa unyenyekevu.

Lakini nilipokuwa nakusanya karatasi zangu bwana akasema, "Huyo kijana aende kwa wapagazi."

Nikamwambia kosa si lake, tumekwisha kuona.

"Sijasema ni kosa lake. Nimesema hana ala. Bendini atashika nini?"

"Mpaka jibu lije?"

"Mpaka jibu lije."

Nje mama Ndahani aliona mwanawe ameondolewa kwenye benchi bila kuguswa. Akapiga magoti akanishika miguu yangu na viatu vyangu vya Ulaya. Nikamwinua. Sikumwambia lile la pili. Ndahani alimwambia mwenyewe njiani.

Tuliifunga klarineti kwenye kasha lake, na maranda yake, kama nilivyowafundisha, ikaenda kwa treni pwani. Ndahani akabeba kuni za boma, na mawe, na maji. Jioni alipita karibu na dirisha langu na kijiti mkononi, akibonyeza vidole juu yake kama matundu, ili visisahau. Alikata kijiti hicho kwa kipimo alichokumbuka kwa kichwa. Nilipokilinganisha na klarineti nyingine kilikuwa sawa kabisa.

Jibu likaja. Kiwanda kilikubali. Walisema mpya inatengenezwa na itapakiwa melini; mpaka ifike, bwana akasema, Ndahani aendelee kubeba. Nilipomsomea Ndahani aliketi chini, palepale sakafuni kwangu, akacheka mpaka akalia. Akaniambia atamnunulia mama yake samli kwa ajili ya chakula tu. Kisha akataka nimsomee tena lile neno, itapakiwa.

Mara vita ikaanza. Ninyi mmesoma habari zake shuleni, nani alipigana na nani. Kwetu ilikuja kwa namna moja, meli hazikufika tena. Halafu wakaja kuchukua watu, na waliochukuliwa kwanza ni wale waliokuwa tayari wamezoea kubeba. Bendi ilibaki Dodoma muda mrefu zaidi. Wenzake wote wa bendi walikuwapo stesheni siku ile Ndahani alipopandishwa behewa la mizigo. Walipiga wimbo. Klarineti haikuwamo, na mtu anayejua muziki aliisikia nafasi yake.

Alinitafuta kwa macho akaniona. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza kitu dukani, "Fundi, ikifika ifungue wewe. Robo saa kila siku, mpaka nije."

"Nitafanya."

"Usimwachie mtu."

"Simwachii."

Hakurudi. Wapo wanaosema alifia upande wa kusini, kwa ugonjwa wa tumbo, lakini kila aliyefia huko walisema ni tumbo. Baada ya vita ikaja njaa ile kubwa tuliyoiita Mtunya. Ng'ombe walikuwa wamechukuliwa na majeshi yote mawili, mvua ikakataa, na watu wakala ngozi walizokuwa wakilalia. Baba yangu mdogo alikufa wakati huo. Diploma yangu haikuzaa kitu cha kumwokoa. Hilo pia naliandika.

Mama Ndahani aliishi. Sijui kwa nini wembamba wale ndio walioishi. Kila alipokuja mjini alipita kwangu, akasimama mlangoni, na salamu yake ya Kigogo ikafuatwa na swali moja.

"Imefika?"

"Bado, mama."

Nilimweleza habari ya ufa mara nyingi. Nilimchorea chini. Nilimchomea lakiri anuse. Nilimwambia, mama, bila samli yako tusingejua kamwe, mwanao angepigwa miezi baadaye kwa ufa usio wake. Alisikiliza kwa adabu, akashukuru. Kisha akasema, "Wewe ni mtoto mwema, unanifariji." Hapo ndipo nilipojua kuna mahali ambapo diploma haifiki, na si kwa sababu ni mbaya. Mimi nilikuwa sahihi. Bado niko sahihi. Yeye alizeeka na moto wake ndani yake.

Kwa hiyo, vijana, narudia yale ya karatasi. Namba ya kwenye mti na ya kwenye hati ziwe moja. Kagueni maungio kwa sindano, taratibu, kabla hamjalipa. Kikopo cha maji kisikauke. Dhamana ikae mahali ambapo hakuna mwenye tumbaku. Na hili la mwisho halimo kwenye masharti ya kiwanda chochote duniani, ni langu mwenyewe, liandikeni chini kabisa. Masharti ya utunzaji usisomewe wewe mpulizaji peke yako. Wasomee wote wanaolala nyumba moja na klarineti, na aliye mkubwa kwa upendo msomee kwanza.

Mara ya mwisho alipokuja, mama Ndahani alikuwa anashika ukuta akitembea. Nilimpa kiti, nikampa maziwa. Aliuliza kama imefika. Nikamjibu. Akatazama rafu zangu, ala zilizopangwa kila moja kwenye sanduku lake.

"Ikifika," akasema, "usinipe mimi. Hata nikikuomba."

"Kwa nini, mama? Ni yake. Wewe ndiwe mama yake."

"Nitaitundika tena. Sijui namna nyingine ya kutunza kitu."